Gitaa Moja, Si Mawili: Mwenda wa Bayeke na Vidole Vyake Viwili

Mwaka wa kwanza nilibishana na mwenzangu wa chumba kuhusu wimbo uliorekodiwa mwaka 1952. Alikuwa kaupata sijui wapi, akaunganisha simu na kispika chake, akaniambia, "Msikilize huyu mzee." Wimbo unaitwa Masanga. Hauna ngoma, hauna besi, hauna tarumbeta. Ni gitaa tu. Mimi nikasema ni magitaa mawili: moja linatembea chini taratibu, lingine linarukaruka juu. Yeye akasema ni mtu mmoja. Tukawekeana chipsi mayai.

Sikulipa. Na ubaya si kwamba sikulipa, ubaya ni kwamba kwa mwaka mzima niliendelea kuamini nilichoamini. Bumu lilipoingia nilinunua gitaa lililotumika, nikawa najifunza "gitaa la juu" peke yake kwa kile kiplastiki cha kupigia, nikisubiri nimpate mwenzangu wa kupiga lile la chini. Nikaujua nusu ya wimbo. Yaani fikiria mtu anajifunza kutembea kwa mguu mmoja na anaona maendeleo.

Aliyenitoa ujinga ni babu yangu, Kiranjeranje.

Kwa wasiokujua, Kiranjeranje iko wilaya ya Kilwa, kwenye barabara kuu ya Dar kwenda Lindi. Ukishapita Nangurukuru unaendelea kusini, na basi la Lindi au Mtwara linakushusha hapo hapo barabarani. Wengi wenu mmepita mkiwa mmelala. Ni nchi ya ufuta, korosho na minazi. Babu anakaa hapo tangu aache kazi ya mkonge, na juu ya kabati lake kuna gitaa ambalo tangu nikiwa mdogo lilikuwa kama picha ya ukutani: lipo, lakini haligusiki. Yeye haliiti gitaa. Analiita galatoni.

Likizo ya mwaka wa kwanza nilimpigia Masanga kwenye simu. Sikumwambia kitu, nilitaka tu anisifu kwamba vijana nao tunasikiliza vya zamani. Akasikiliza mpaka mwisho, akaagiza galatoni lishushwe, akalifuta vumbi kwa shati, akahangaika na nyuzi kama robo saa. Halafu akapiga. Si kama kwenye rekodi, alikuwa anasita na kurudia, lakini zote mbili zilikuwepo, ya chini na ya juu, na mpigaji alikuwa mmoja na meno yake matatu. Nikamwangalia mkono wa kulia. Vidole viwili tu ndivyo vilivyokuwa vinafanya kazi: gumba na cha shahada. Vile vitatu vingine vimekunjwa, vinatazama.

Basi nikaona nimtafute huyo mzee wa rekodi ni nani hasa.

Jina lake la kuzaliwa na ubatizo lilikuwa Jean-Bosco Mwenda. Baadaye, serikali ya Mobutu ilipowataka Wazaire waache majina ya Kizungu, akajulikana zaidi kama Mwenda wa Bayeke. Alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, Katanga, wakati ule Kongo ya Wabelgiji. Na hapa ndipo Mtanzania anatakiwa akae vizuri kwenye kiti. Bayeke si watu wa mbali na sisi. Ni kizazi cha wafanyabiashara waliotoka Usumbwa na Unyamwezi, magharibi ya nchi hii, wakafuata shaba na pembe za ndovu karne ya 19 na kuishia kuanzisha dola yao huko chini ya Msiri, ambaye Wazungu walimuua Desemba 1891 alipokataa kuwa chini yao. Kiswahili kilifika huko na misafara, kikakomazwa na migodi. Ndiyo maana nyimbo nyingi za Mwenda ni za Kiswahili. Kina mikunjo ya Katanga, kinaweza kukuchanganya neno hapa na pale, lakini ni Kiswahili, hakuna haja ya mkalimani. Hata Kilwa wanayo: kuna mji unaitwa Kilwa kwenye Ziwa Mweru, Katanga hiyo hiyo. Nilipomwambia babu alisema, "Sasa ulikuwa unadhani tumebanwa hapa?"

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa anazunguka Afrika na mitambo yake akirekodi muziki wa wenyeji, alifika Jadotville, mji wa migodi ambao leo unaitwa Likasi. Miaka miwili kabla alikuwa amepita kwetu Tanganyika na kazi hiyo hiyo. Huko Jadotville akakutana na kijana wa miaka 22 mwenye gitaa. Nimeirudia mara mbili tatu hiyo miaka 22 kwa sababu ndiyo niliyonayo mimi, na mimi bado nahangaika na nusu ya wimbo. Akamrekodi. Santuri zikatolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, chini ya nembo ya Gallotone, zikasambaa mpaka huku kwetu.

Gallotone. Galatoni. Kampuni ile ile iliyouza santuri iliuza na magitaa ya bei nafuu yenye nembo hiyo hiyo, na mpaka leo wapigaji wa zamani wa Tanzania wakisema galatoni wanamaanisha gitaa lisilo la umeme, liwe limetengenezwa na nani. Kama vile dawa yoyote ya meno ni Colgate. Magitaa yenyewe hayakuwa ya kutisha. Lakini gitaa la kwanza alilopiga John Lennon jukwaani na kundi lake la shule, siku aliyokutana na Paul McCartney mwaka 1957, lilikuwa Gallotone la Afrika Kusini. Kwa hiyo lile la juu ya kabati Kiranjeranje lina ukoo mkubwa, hata kama mgongo wake umegundishwa kwa gundi ya seremala mara mbili.

Sasa nije kwenye vidole, maana hapa ndipo watu wanadanganyika, na mimi nilikuwa kiongozi wao.

Gitaa lina nyuzi sita: tatu nene juu upande wa usoni kwako, tatu nyembamba chini upande wa mapaja. Mpigaji wa kawaida wa kambini akishika kodi anazikwaruza zote kwa pamoja, chwa, chwa, chwa, halafu anaimba. Mwenda hakwaruzi. Gumba linashuka kwenye nyuzi nene, na kazi yake ni kutembea: halisimami, halikimbii, liko kama mtu anayetwanga. Kidole cha shahada kinapanda kutoka chini, kikichukua nyuzi nyembamba moja moja, na hicho ndicho kinachoimba. Siri iko hapa: kile cha shahada mara nyingi hakitui pale gumba linapotua. Kinaingia kwenye nafasi zilizoachwa. Gumba likipiga, chenyewe kiko hewani, gumba likiinuka ndipo chenyewe kinagusa. Mara chache tu vinatua pamoja, na vikitua pamoja unasikia kama mtu kakanyaga.

Sikio la binadamu halipendi kuchanganya vitu hivyo. Linasikia sauti nzito zikiwa familia moja na nyembamba familia nyingine, kila moja na mwendo wake, linaamua kwamba ni watu wawili. Aliyekulia kwenye ngoma anakielewa hiki hata bila gitaa. Ngoma moja inashikilia, ingine inaongea, na utamu hauko kwenye yoyote kati yake, uko kwenye mshono. Mwenda aliubeba mshono huo akauweka kwenye mkono mmoja.

Na mkono wa kushoto nao haukai. Wengi wetu tunashika kodi ya C halafu tunaiacha imekaa kama mgeni. Yeye anaishika, lakini kidole kimoja kinatoka kwenda kutafuta sauti jirani na kurudi kabla kodi haijavunjika. Kila akirudia kipande anakibadilisha kidogo. Msomi mmoja wa muziki, David Rycroft, mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikaa na rekodi ya Masanga akaiandika nota kwa nota ili aone mabadiliko hayo yanakwendaje. Mimi nilijaribu kuyahesabu kwa kalamu na daftari nikaacha dakika ya kwanza.

Kuna jambo lilinipa faraja. Marekani kuna Robert Johnson, yule wa bluzi za Mississippi, aliyerekodi nyimbo 29 tu huko Texas mwaka 1936 na 1937, akafariki 1938 akiwa na miaka 27. Miaka mingi baadaye Keith Richards wa Rolling Stones alipowekewa santuri ya Johnson kwa mara ya kwanza, aliuliza yule mwingine anayepiga naye gitaa ni nani. Hakukuwa na mwingine. Kwa hiyo tuko mimi na Keith Richards, na hakuna kati yetu anayedaiwa chipsi mayai isipokuwa mimi.

Wengine husikia Mwenda wakasema ni bluzi ya Afrika. Mimi nasita. Kufanana kupo: mtu mmoja, gitaa moja la bei rahisi, mji wenye migodi au mashamba na watu waliotoka makwao kutafuta mshahara, halafu anatokea mtu mwenye mashine ya kurekodi. Hata gumba linalotembea lipo kwa wazee wa Mississippi kama John Hurt. Lakini bluzi ya Johnson ina kilio ndani ya nyuzi, anazivuta na kuziteleza. Mwenda havuti. Uzi wake unagongwa na kuachwa, safi, kama ulimi wa ilimba ya Wagogo. Ukimsikiliza huoni mtu analia njia panda usiku. Unaona mtu kavaa suruali iliyopigwa pasi, anatembea Jumapili.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alihamia Nairobi kwa muda, akawa na kipindi redioni. Hapo ndipo vidole viwili vilipoingia Afrika Mashariki kwa mlango wa mbele. Binamu yake, Edouard Masengo, naye alikuwa Nairobi. Vijana wa Kenya waliokuwa wamesikia santuri sasa wakaweza kuuona mkono. Magharibi ya Kenya mtindo wa gitaa kavu ukashika kweli kweli. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, aliupa lafudhi ya kwao ukaitwa omutibo, na pembeni yake mtu anakwaruza au kugonga chupa ya Fanta. Ndiyo, chupa ya soda, ile yenye mistari mistari. Mwaka 1969 Mwenda alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani, jukwaa ambalo wazee wa bluzi kama John Hurt waliibukia upya miaka michache kabla. Mwaka 1988 alirekodi tena Cape Town, vidole bado vimo. Septemba 1990 akafa kwa ajali ya gari.

Kwetu sisi mambo yalikwenda kwenye umeme. Bendi za dansi zikaja na solo, rizimu na besi, na nyota akawa Mbaraka Mwinshehe na solo lake, kwanza Morogoro Jazz halafu Super Volcano. Namheshimu Mbaraka kuliko karibu mtu yeyote aliyewahi kushika gitaa nchi hii. Lakini sikiliza wimbo wa bendi yoyote ya miaka ya 1970 ukiwa umeshamsikia Mwenda, uone magitaa yanavyoachiana nafasi, moja linashika, lingine linaingia pale lilipoinuka. Mimi nasikia mkono mmoja uliogawanywa kwa watu watatu. Mtu wa muziki anaweza kunibishia, aje chumbani kwangu na spika.

Kilichonisumbua zaidi ni swali la kwamba babu aliupataje. Santuri haina macho. Ukiusikia wimbo ule kwenye gramafoni utaanguka shimo nililoanguka mimi. Nikamuuliza. Akasema miaka ya sitini mwanzoni alikuwa kijana kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi, na kambini kulikuwa na manamba kutoka kila kona. Mmoja, mtu wa bara, alikuwa na galatoni. Jina lake babu hakumbuki. Anakumbuka ukucha wa gumba la kulia, mrefu, wa njano kwa tumbaku. Na anakumbuka kipande cha penseli kilichofungwa kwa mpira shingoni mwa gitaa, maana kapo ya dukani hakuna aliyekuwa nayo. Yule mtu hakufundisha. Alikuwa anapiga jioni, wengine wanacheza bao, na babu anakaa upande wa kulia kwake makusudi, anauangalia ule ukucha. Kama miezi mitano. Gitaa lenyewe aliruhusiwa kulishika siku za malipo tu, kwa senti.

Mimi nasoma ualimu. Tunafundishwa azimio la kazi, andalio la somo, zana, hatua za ufundishaji, tathmini. Baada ya likizo ile nilikaa maktaba nikajaribu kuandaa andalio la somo la Masanga. Mada kuu, mada ndogo, malengo mahsusi: "Kufikia mwisho wa kipindi mwanafunzi aweze..." Nikakwama hapo. Aweze nini? Kutofautisha gumba na shahada? Niliandika, nikafuta, nikaandika "kuangalia", nikafuta, maana tumeambiwa kuangalia hakupimiki. Na mwaka huu kwenye mazoezi ya kufundisha nilijaribu kwa vitendo: kidato cha pili, baada ya vipindi, vijana wanane, gitaa moja. Nilieleza vizuri sana, na michoro ubaoni. Hakuna aliyeweza. Siku ya tatu nikanyamaza nikapiga tu, vibaya vibaya, na msichana mmoja akasogeza dawati akaja kukaa upande wangu wa kulia. Yule mpaka naondoka alikuwa ameshika gumba.

Sisemi andalio la somo halina maana. Nimepata alama zangu kwa hilo. Ila kuna vitu vimekaa kwenye mikono ya watu na havijawahi kuandikwa popote, na mikono hiyo ina umri.

Mwezi wa pili babu alipata kiharusi. Upande wa kushoto. Maneno yalirudi, mguu unarudi polepole, mkono wa kushoto bado umelala. Nilipokwenda mwezi wa nane nilikuta galatoni limerudishwa juu ya kabati na mtu kaweka ndoo ya ufuta pembeni yake. Nikasalimia, tukala, hatukuligusia. Siku ya pili jioni yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Lete."

"Babu, mkono?"

"Mkono upi? Wa kulia si mzima?"

Ikabidi tufanye hivi. Yeye akakaa kwenye kiti barazani, gitaa mapajani. Mimi nikakaa kwenye kigoda upande wake wa kushoto, nikapitisha mkono wangu nyuma ya shingo ya gitaa, nikashika kodi. Yeye akapiga. Miaka mitatu nimesema ni magitaa mawili ya watu wawili, na sasa kweli tulikuwa watu wawili, gitaa moja, na lilitoka kama wimbo wa mtu mmoja anayechechemea. Gumba lake halikukosea hata mara moja. Mimi ndiye niliyekuwa nachelewa kubadili. Nikichelewa hasimami, anaendelea na mwendo, unasikia nyuzi zinapiga kelele mbaya mpaka nifike. Nikifika hasemi kitu.

Nilirekodi kwa simu, video, upande wa mkono wa kulia tu. Dakika kumi na moja. Sura yake haionekani, alikataa, ila unausikia wimbo na sauti yangu mara mbili ikisema "samahani." Siku ya tatu uzi mwembamba kabisa ulikatika na Kiranjeranje nzima hatukupata mwingine. Tukaendelea na nyuzi tano, yeye akiruka pale uzi ulipotakiwa kuwa, anagonga hewa kwa kidole cha shahada ili nafasi yake isipotee.

Nyuzi nimeshanunua, seti mbili. Nashuka nazo mwezi wa kumi na mbili.